Mtandio Ndani ya Nyumba: Kuitazama Iran Kutoka Ujiji

Katika filamu nyingi zilizotengenezwa Iran baada ya mapinduzi ya mwaka 1979, mwanamke huamka asubuhi akiwa amejifunika kichwa. Huosha vyombo akiwa na mtandio, hugombana na mumewe chumbani akiwa na mtandio, na taa zikizimwa usiku hulala nao. Mtazamaji asiyezijua desturi za Waislamu huenda asilione jambo hilo, kwa kuwa atadhani ndivyo Waislamu wanavyoishi majumbani mwao. Hapa Ujiji lilionekana mara moja. Shangazi yangu, ambaye amevaa baibui tangu usichana wake na ambaye hakosi darsa la akina mama, aliuliza kabla filamu haijafika nusu kwa nini yule mwanamke havui mtandio ilhali yuko kwake na mumewe, kwani mume ni nani hata afichwe nywele.

Swali hilo ndilo linaloongoza jinsi ninavyozitazama filamu za Iran. Wengi huandika kuhusu sinema hiyo kwa kuanza na tuzo zake, nazo ni nyingi kweli. Mimi naona kwamba anayetaka kuyaelewa mabadiliko ya maisha ya Wairani ni vyema aanze na nyumba: nani anaonyeshwa ndani yake, amevaaje, na mwongozaji amefanya juhudi gani ili asilazimike kusema uongo.

Jibu la swali la shangazi limo katika sheria. Masharti ya hijabu kwenye sinema hayamhusu mhusika wa hadithi, yanamhusu mwigizaji na yule anayemtazama. Mume wa kwenye hadithi si mume wa mwigizaji, na mtazamaji aliyekaa ukumbini ni ajinabi kwake, yaani mtu baki, kwa hiyo nywele zake hazionyeshwi. Kwa hoja hiyohiyo, mwanamume na mwanamke wasio maharimu, yaani wasio ndugu wa karibu wala mke na mume, hawagusani mbele ya kamera, hata wakiwa wanaigiza mama na mwanawe mtu mzima aliyerudi kutoka vitani. Filamu huhitaji kibali cha Wizara ya Utamaduni na Mwongozo wa Kiislamu kabla ya kutengenezwa, kisha kibali kingine kabla ya kuonyeshwa. Shangazi aliielewa fikihi yake bila shida, lakini alishikilia kwamba, ikiwa hivyo ndivyo, basi ile nyumba tunayoonyeshwa si nyumba. Naamini alisema kweli, na waongozaji bora wa Iran walilijua hilo kabla yetu.

Ni haki kukumbuka kwamba serikali haikuanza kuingilia vichwa vya wanawake mwaka 1979. Mwaka 1936 mfalme Reza Shah alipiga marufuku hijabu, na askari waliwavua wanawake barabarani kwa nguvu, hata baadhi yao wakawa hawatoki tena nje. Sinema ilikuwa changa wakati huo. Filamu ya kwanza yenye sauti ya Kifarsi, Dokhtar-e Lor, ilitengenezwa Bombay na kutolewa mwaka 1933. Miongo iliyofuata ilijaa filamu za nyimbo, ngoma na ugomvi wa mitaani, ambazo wacha Mungu wengi waliziona kuwa ni ufisadi. Tarehe 19 Agosti 1978 ukumbi wa Rex mjini Abadan ulichomwa moto watu wakiwa ndani, na mamia wakafa, na katika miezi ya mapinduzi kumbi nyingine nyingi ziliteketezwa. Wengi walitarajia kwamba sinema ingezikwa. Ikapona, na husimuliwa kwamba mojawapo ya sababu ni kuwa Imam Khomeini, kiongozi wa mapinduzi, aliipenda Gaav, filamu ya Dariush Mehrjui ya mwaka 1969 inayomhusu mwanakijiji aliyefiwa na ng'ombe wake wa pekee na kurukwa na akili mpaka akajiona yeye ndiye ng'ombe. Mwaka 1983 sheria iliweka adhabu kwa mwanamke atakayeonekana hadharani bila hijabu, na katika mwaka huohuo ikaanzishwa Taasisi ya Farabi ya kuisimamia na kuisaidia sinema. Mkono uliofunga ndio uliolea.

Niseme pia tunavyozitazama. Vibanda vya video vya kwetu huonyesha mpira na filamu za kupigana zilizotiwa maneno ya Kiswahili, na wengi wetu Iran tuliijua kwanza kupitia tamthilia ya Nabii Yusuf. Filamu hizi nyingine huzipata kwa taabu, nikaziunganisha kwenye runinga ya sebuleni, nami husoma manukuu ya Kiingereza na kuyatamka kwa Kiswahili huku shangazi na majirani wakitazama. Namna hii ya kutazama ina faida yake: filamu husimama kila mara kwa ajili ya mabishano, na mengi ninayoyaandika hapa yametokana na mabishano hayo.

Waongozaji waliokataa kuionyesha nyumba ya uongo walikuwa na njia chache, na njia ya kwanza ilikuwa watoto. Abbas Kiarostami alikuwa amelelewa kisanaa katika taasisi ya serikali ya kukuza akili za watoto na vijana, na mwaka 1987 alitoa Khane-ye Doust Kodjast, yaani nyumba ya rafiki iko wapi. Mtoto Ahmad amechukua kimakosa daftari la mwenzake wa darasani, na mwalimu ameapa kumfukuza mwenzake huyo asipoandika kazi yake kwenye daftari, basi Ahmad anakwenda mbio kijiji cha pili kulirudisha. Wakubwa hawamsikilizi. Babu yake anasimulia kwamba baba yake alikuwa akimpa senti kila wiki na kipigo kila wiki mbili, na kwamba senti iliweza kusahaulika lakini kipigo hakikusahaulika kamwe. Mimi ni mwalimu, na nimewasikia wazazi wa hapa Kigoma wakisema karibu maneno hayo kwa fahari. Filamu ilitoka nchi ikiwa katika mwaka wa saba wa vita na Iraki, wakati utiifu ulikuwa ukihubiriwa kila mahali, na inamwonyesha mtoto anayevunja amri ya mama yake kwa sababu dhamiri yake imemwambia kuna jambo kubwa zaidi.

Wale watoto walikua, na hapa ndipo ninapoona mabadiliko makubwa kuliko yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanamke wa Iran alizaa kwa wastani watoto zaidi ya 6. Kufikia mwaka 2000 walikuwa takriban 2, na ni nchi chache duniani zilizowahi kushuka kwa kasi hiyo. Vituo vya afya vijijini, shule za wasichana na mpango wa uzazi uliobarikiwa na wanazuoni vilifanya kazi hiyo kimyakimya. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wasichana walianza kuwazidi wavulana katika kudahiliwa vyuo vikuu. Wazazi wengi wa dini, ambao zamani wasingemruhusu binti aende shule ya mchanganyiko, walimruhusu aende shule ambayo sasa waliiamini. Hivyo dola iliyotaka mwanamke wa kujisitiri ilisomesha mamilioni ya wanawake, nao walipomaliza kusoma wakaanza kuuliza maswali.

Katika filamu ya Dah, yaani kumi, ya mwaka 2002, Kiarostami alimweka mwanamke wa aina hiyo nyuma ya usukani. Kamera imefungwa ndani ya gari, na mama aliyeachika anaendesha Tehran huku akigombezwa na mwanawe wa kiume kwa kuidai talaka. Gari ni mahali pa faragha, lakini sheria inaliona kuwa ni hadharani, na kwa hiyo mtandio ulioko kichwani ni mtandio wa kweli. Karibu na mwisho, abiria ambaye ameachwa na mwanamume aliyempenda anausogeza mtandio wake na kumwonyesha rafiki yake kwamba amenyoa nywele zote. Jirani yangu mmoja alilia pale. Kichwa kisichokuwa na nywele hakikuwa na cha kufichwa, na huzuni ya yule binti ikaonekana yote.

Rakhshan Bani-Etemad, mwanamke ambaye kwa maoni yangu hatajwi inavyostahili nje ya kwao, alichukua njia tofauti na kwenda kiwandani. Katika Zir-e Poost-e Shahr ya mwaka 2001 mhusika wake ni Tuba, mama mfanyakazi ambaye mwanawe anataka kuiuza nyumba ili apate viza ya kwenda kutafuta kazi Japani. Waandishi wa habari wanamhoji kuhusu uchaguzi, na mwishoni anawageukia akiuliza hizo filamu wanazopiga huwaonyesha akina nani. Sijui filamu nyingine iliyomruhusu mtu maskini kuishitaki kamera yenyewe kwa maneno machache kama hayo.

Jafar Panahi alipotoa Offside mwaka 2006, aliwafuata wasichana waliovaa kiume ili waingie Uwanja wa Azadi siku ya mechi ya Iran na Bahrain ya kufuzu Kombe la Dunia, Juni 2005. Wanakamatwa na kuzuiliwa nyuma ya majukwaa, wanasikia kelele za mashabiki na mpira hawauoni. Askari wanaowalinda ni vijana wa shamba wenye hofu zao, na mmoja anawaza ng'ombe aliowaacha nyumbani. Binti mmoja anauliza mbona wanawake wa Kijapani waliingia uwanja huohuo timu yao ilipokuja, na askari anamjibu kwamba wale hawaelewi matusi ya Kifarsi. Kwetu wanawake hukaa jukwaani katika Uwanja wa Lake Tanganyika na kushangilia kwa sauti kuliko waume zao, kwa hiyo sebule nzima ilicheka kwa jibu hilo, kisha ikanyamaza nilipoeleza yaliyofuata. Septemba 2019 Sahar Khodayari, shabiki kijana aliyekuwa ameshtakiwa kwa kuingia uwanjani akijifanya mwanamume, alifariki baada ya kujichoma moto mbele ya mahakama. Mwezi uliofuata, kwa shinikizo la FIFA, maelfu ya wanawake waliruhusiwa kuitazama Iran ikiifunga Kambodia 14–0 katika uwanja uleule. Panahi mwenyewe alihukumiwa mwaka 2010 kifungo cha miaka 6 na kuzuiwa kutengeneza filamu kwa miaka 20. Aliendelea kuzitengeneza nyumbani kwake na ndani ya teksi, na mwaka 2025 akapata tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes.

Lakini filamu iliyotushika kuliko zote katika kundi hili ni ya Asghar Farhadi, ile ya kutengana kwa Nader na Simin, ya mwaka 2011. Simin anataka wahame nchi kwa ajili ya binti yao Termeh. Nader hawezi kumwacha baba yake aliyepoteza kumbukumbu. Simin anarudi kwao, na Nader anamwajiri Razieh, mama mjamzito wa hali ya chini, amwangalie mzee. Mzee anajikojolea, na Razieh anapiga simu kwa watu wa dini kuuliza kama ni halali kwake kumbadilisha nguo. Nimesoma waandishi wa mbali wakilitaja tukio hilo kama kichekesho. Katika sebule yetu hakuna aliyecheka, kwa sababu kila mama aliyekuwepo alishawahi kumuuliza sheikh swali la aina hiyo, na walichojadili ni iwapo Razieh alipaswa kusubiri jibu huku mzee amelowa.

Ufundi wa Farhadi katika suala la mtandio unastahili kutazamwa kwa makini. Katika nyumba ile karibu kila mara kuna mgeni: Razieh si maharimu wa Nader, mwalimu wa Termeh anaingia na kutoka, na Simin huonekana akiwa njiani kuondoka au ndiyo kwanza anarejea. Mtazamaji hana nafasi ya kuuliza swali la shangazi. Kwa kulazimishwa na sheria, Farhadi amejenga nyumba isiyo na faragha, na nyumba isiyo na faragha ikawa ndiyo picha halisi ya tabaka la kati la Tehran, ambalo haliwezi kuendesha maisha yake bila kuwaingiza maskini ndani na haliwezi kuishi nao bila kuwashuku. Ugomvi unapofika mahakamani, na baadaye Razieh anapotakiwa kuapa kwa Msahafu, hakuna upande ulio na uongo mtupu. Razieh anakataa kuapa kwa kuwa hana hakika, ingawa fedha zingemwokoa mumewe na wadai. Shangazi alisema kwamba mwanamke huyo ndiye pekee aliyetoka na dini yake. Mimi nilikuwa upande wa Simin, na hatujapatana mpaka leo. Filamu hiyo ndiyo iliyoipatia Iran tuzo yake ya kwanza ya Oscar, mwezi Februari 2012.

Kisha likaja tukio la Septemba 2022, alipofariki Mahsa Amini, binti wa Kikurdi mwenye umri wa miaka 22, baada ya kukamatwa mjini Tehran na polisi wa maadili kwa madai ya kutovaa hijabu ipasavyo. Maandamano yalienea nchi nzima, na mwigizaji Taraneh Alidoosti, kipenzi cha watazamaji wengi, aliweka picha yake bila mtandio na baadaye akakaa kizuizini kwa siku kadhaa. Waongozaji wengi waliamua kwamba hawatafuti tena ujanja. Katika Keyk-e Mahboob-e Man ya Maryam Moghaddam na Behtash Sanaeeha, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2024, Mahin ni mjane wa miaka 70 ambaye binti yake yuko ng'ambo. Anajilaza kitandani mpaka mchana, anazungumza naye kwa simu, anapika, na kichwa chake kiko wazi kama kilivyo kichwa cha mwanamke yeyote aliye peke yake chumbani. Kisha anamwalika nyumbani dereva wa teksi wa rika lake, nao wanakula, wanakunywa mvinyo na kucheza. Waongozaji wake walinyang'anywa pasi za kusafiria na hawakuhudhuria tamasha. Mohammad Rasoulof, aliyetengeneza kwa siri filamu kuhusu familia ya afisa wa mahakama iliyogawanywa na maandamano hayo, alihukumiwa miaka 8 na akaondoka nchini kwa miguu kupitia milimani mwezi Mei 2024.

Shangazi hakupendezwa na Mahin. Kwake mvinyo ni haramu, na mwanamume ajinabi kuingia usiku kwa mjane ni aibu, na sikujaribu kumbadilisha mawazo. Alichokiri, tena bila kuulizwa, ni kwamba hii ndiyo mara ya kwanza kumwona mwanamke wa Kiirani akiwa kwake. Nadhani kauli hiyo ina uzito zaidi kwa sababu imetoka kwa mtu ambaye mtandio wake ni wa hiari na imani.

Filamu hizi zina mipaka yake. Nyingi katika hizi za mwisho hazikuonyeshwa rasmi katika kumbi za Iran, na Mwirani anayekata tiketi siku ya mapumziko mara nyingi anakwenda kutazama komedi. Komedi nazo hueleza mengi: mwaka 2004 Marmoulak, inayomhusu mwizi aliyetoroka gerezani kwa kuvaa kilemba cha sheikh, ilijaza kumbi hadi ikaondolewa baada ya wiki chache. Mpaka wa pili ni kwamba kamera hizi zimeielekea zaidi Tehran. Wabaluchi, Waarabu wa Khuzestan na watu weusi wa pwani ya kusini, ambao wengi wao asili yao ni Afrika Mashariki na walifikishwa kule na biashara ya utumwa iliyoendelea hadi Iran ilipoifuta kisheria mwaka 1929, huonekana kwa nadra. Kwa mtu wa Ujiji, mji uliokuwa kituo kikubwa kwenye njia ya misafara ya kuelekea pwani, jambo hilo haliwezi kuwa dogo.

Ndiyo maana nimeiweka mwisho filamu ninayoipenda kuliko zote, Bashu, Gharibe-ye Kuchak, iliyoongozwa na Bahram Beyzai katikati ya miaka ya 1980 na kuzuiliwa mpaka vita vilipokwisha. Bashu ni mtoto mweusi wa kusini, anayesema Kiarabu. Mabomu yameua familia yake, anaruka ndani ya lori, na anashuka katika mashamba ya mpunga ya Gilan kaskazini, ambako Naii, mama wa watoto wawili, anasema Kigilaki. Hawaelewani hata neno. Naii anamwosha mtoni kwa sabuni akidhani weusi utatoka, na majirani wanamsema kwa kumhifadhi mkosi. Watoto wa kijiji wanapompiga, Bashu anakiokota kitabu cha shule na kusoma kwa sauti, kwa Kifarsi sanifu, kwamba sote ni watoto wa Iran. Hapa mkoani, ambako Waha, Warundi na Wakongo wa kambi ya Nyarugusu hukutana sokoni kwa Kiswahili kisicho cha mama wa yeyote kati yao, sikuhitaji kueleza chochote. Naii naye amejifunika mwanzo hadi mwisho, lakini yuko shambani, jua kali, na kitambaa chake ni kitambaa cha mkulima.

Mumewe amekuwa akiandika barua kukataa mtoto wa watu asilishwe chakula chao. Anaporudi, mkono wake mmoja haupo. Bashu anamkabili na fimbo akiuliza ni nani, naye anajibu kuwa ni baba yake, na muda mfupi baadaye wote wanakimbilia shambani kufukuza nguruwe mwitu wanaoharibu mazao. Majirani zangu walibishana hadi usiku. Baadhi walisema mwanamume amempokea mtoto kwa huruma, wengine kwamba amepokea mkono wa kufanyia kazi badala ya ule alioupoteza. Nionavyo mimi, Beyzai ameziacha sababu zote mbili wazi kwa makusudi, maana katika nchi yenye vita mtoto yatima hupata nyumba kwa sababu zote mbili kwa pamoja, na Naii, ambaye alimlisha kabla hajajua kama ana faida yoyote, ndiye pekee katika filamu ile asiyehitaji kuulizwa kwa nini.